Unga Mweusi Chini ya Godoro

Kifurushi kilikuwa juu ya gazeti katikati ya meza ya chakula, na hakuna mtu wa nyumba ile aliyetaka kukikaribia. Umm Faisal, mwenye nyumba, alisimama kwenye mlango wa jikoni na mtoto mchanga begani, tayari kukimbia kana kwamba kitu kile kina miguu. Mumewe, Abu Faisal, alikuwa dirishani akitazama nje, ambako hakukuwa na cha kutazama isipokuwa ukuta wa jirani.

"Fungua wewe," Umm Faisal alimwambia mgeni. "Mimi sikigusi tena."

Mgeni huyo, Metrine, alikuwa amefika Jeddah asubuhi hiyo kwa ndege kutoka Riyadh. Ametumwa na maktabu, ndivyo wenyeji wanavyoiita ofisi ya kuleta wafanyakazi, na yao ilikuwa huko Riyadh, mtaa wa Al-Suwaidi. Zamani alikuwa konstebo wa upelelezi Kakamega. Akaacha kazi, akaja Uarabuni kufagia nyumba za watu kama wenzake wengi wa miaka ile, na Kiarabu kilipomkaa ulimini, maktabu ikampokonya ufagio ikampa kesi. Madam akimshuku mfanyakazi wake, Metrine ndiye aliyetumwa. Mara nyingi ilikuwa simu iliyopotea, au pete iliyoangukia nyuma ya kitanda na kulaaniwa bure. Safari hii ilikuwa sihiri, yaani uchawi.

Na kesi ya sihiri nchini humo si ya kuchezea. Wako walioingia gerezani nayo wakasahaulika, na wako ambao habari zao zilifika nyumbani kwao kwa minong'ono tu. Kaka yake Umm Faisal alikuwa ameapa kuja baada ya sala ya Magharibi amchukue msichana wa kazi ampeleke polisi. Akishapelekwa, maktabu ingenawa mikono. Msichana mwenyewe, Emmah, alikuwa amefungiwa chumba cha kufulia juu ya paa.

Metrine alivaa glavu za kuoshea vyombo. Aliichunguza karatasi kwanza, maana watu hukimbilia kilichomo wakasahau kilichofungia. Ilikuwa karatasi ya kaki, imefungwa kwa tepu pana ya maboksi. Lakini juu ya tepu hiyo palikuwa na nyingine nyembamba, ya buluu, ile ya mafundi wa umeme, imebandikwa upogo. Basi mtu mmoja alikifunga kifurushi, na mwingine akakifungua njiani akakifunga tena kwa haraka. Hilo Metrine aliliweka moyoni. Ndani ya karatasi mlikuwa na kipande cha stokingi kilichofungwa fundo, na ndani ya fundo unga mweusi tii, laini kama majani ya chai ya vumbi.

Umm Faisal alieleza bila kuulizwa. Tangu mwezi wa Shaabani nywele zake zilikuwa zikidondoka. Akichana, zinakuja na kitana. Akiamka, ziko kwenye mto. Na ni nani aliyekuwa akifagia nywele hizo, akisafisha kitana, akikung'uta mto? Emmah. Ndipo jana akainua godoro la msichana, akakuta nywele zake mwenyewe zimechomwa zikawa majivu.

"Nani alikwambia uinue godoro, madam?"

"Moyo wangu."

Jibu lilikuja upesi mno. Metrine alijua kwamba moyo wa madam wa mtaa wa matajiri wa Al-Safa haupandi ngazi mpaka chumba cha kufulia katika joto lile bila kupewa sababu. Hakumbishia. Alimgeukia Abu Faisal, akamuuliza kama naye ameuona unga huu ulipofunguliwa. Abu Faisal alisema ameuona. Akaulizwa anadhani ni kitu gani. Alisema yeye ni mtu wa vigae na mabomba, mambo ya sihiri hayajui. Alitoa tishu akajifuta paji la uso, akaitazama, akaikunja mara nyingi na kuitia mfukoni mwa kanzu, ingawa ndoo ya taka ilikuwa kando ya mguu wake.

Metrine aliomba ufunguo wa juu.

Chumba cha kufulia kilikuwa na mashine, beseni, godoro jembamba na joto la tanuri. Emmah aliketi sakafuni, kitambaa kimemkaza kichwa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa msichana wa Molo, mwenye uso ambao siku nyingine ungekuwa mcheshi. Alipomwona Mkenya mwenzake, machozi yalimlengalenga machoni. Metrine alimpa maji, akachukua shuka kavu iliyokuwa kwenye beseni akaikunja ya kukalia, akaketi mbele yake.

"Ni nywele za madam?"

"La."

"Ni za nani?"

Emmah alikivuta kitambaa kikafunika nyusi.

"Kuna mganga anakutumia?"

"Auntie, wacha tu," Emmah alisema. "Wanipeleke wanakonipeleka."

"Unajua wanakokupeleka?"

"Najua."

Anajua, na bado hataki kusema. Metrine alikuwa amehoji wezi na waongo wengi, na alijua mtu akikataa kujiokoa, basi kile anachokificha anakiona kibaya kuliko adhabu. Alitoa mfukoni chembe ya ule unga aliyoichota mezani, akaiweka ukingoni mwa beseni, akawasha kiberiti. Nywele ya mtu ikichomwa hunuka kwato na kubaki jivu linalovunjika kwa kidole. Unga huu haukunuka hivyo. Ulijikunja, ukayeyuka, ukawa tone dogo gumu linalong'aa.

Kila mwanamke aliyewahi kukaa chini ya mikono ya msusi kwao analijua tone hilo. Misuko ikiisha, msusi huchoma ncha za nywele za kununua ili zisifumuke, na ncha hugeuka vidonge vigumu kama hicho. Hakukuwa na nywele ya madam hata moja ndani ya fundo lile. Ni nywele za plastiki za kusukia, zimekatwakatwa mpaka zikawa unga.

Metrine aliinua macho. Emmah alikuwa amegeuzia uso ukutani.

Hatari ilikuwa bado haijapita, Metrine alijua. Angewaonyesha tone, nao wangesema sihiri haina kanuni, hufanywa hata kwa plastiki. Alihitaji kujua unga ni wa nini. Alipokuwa akitoka alipita chini ya kamba ya nguo paani, ambako kofia nyeupe za Abu Faisal, zile wanaume wa huko huvaa chini ya kilemba chao, ghutra, zilikuwa zimeanikwa zikakauka. Nje zilikuwa nyeupe pe. Ndani, pembeni mwa utosi, kila moja ilikuwa na kivuli cha kijivu ambacho sabuni haikukimaliza. Alizitazama kwa muda, kisha akashuka kumtafuta dereva.

Dereva alikuwa Mkenya pia, Allan, kijana wa Kitale, mpole, shati limenyooshwa vizuri kuliko maisha yake. Alikuwa gereji akipangusa gari lisilo na vumbi. Metrine hakuwa amemuuliza swali la pili alipoanza kumwaga. Yeye na Emmah walikuwa wamepatana. Mkataba wake ukiisha wangerudi nyumbani, awapeleke wazee kwao Molo. Kila mwezi Emmah alimtuma Karantina kwa mama mmoja anayeitwa Priscah, amletee kifurushi, na akamwapisha asikifungue.

"Mi nakwambia ukweli, Auntie Metrine. Huyo dem alinifanyia kitu. Mimi si mtu wa kuingia box haraka. Nimekaa huku Saudia miaka, sijaangalia mtu. Then from nowhere, nalala namuota, naamka namuota. Hiyo ni normal?"

"Kwa watu wanaopendana ni normal."

"Sijui," Allan alisema, akaendelea kupangusa palepale. "Mtu anaanza kujiuliza."

Metrine alimwambia awashe gari, wanakwenda Karantina. Njiani aliomba tishu. Allan alifungua kijisanduku mbele ya kiti, na kabla hajakifunga Metrine aliona tochi, biskuti zilizovunjika, na nusu ya gombo la tepu ya buluu. Alichukua tishu, akashukuru, akatazama barabara. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, lakini hakusema kwa sauti, maana bado alimhitaji dereva.

Karantina ni upande wa Jeddah ambao wenye nyumba za Al-Safa huusikia tu. Vichochoro vyembamba, maji machafu, Waafrika wa kila taifa, wengine wana ikama, kibali cha kukaa nchini, na wengine wana miguu ya kukimbilia. Mama Priscah alikuwa mwanamke mnene wa Mumias, na chumba chake kilikuwa saluni, jiko na kitanda kwa pamoja. Metrine alikuwa amekuja na maswali ya mganga: unawatibu akina nani, unawapa nini, unasoma nini juu yake. Mama Priscah alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Mganga? Mimi ni msusi. Toa hicho kitambaa nikuone."

Metrine alikataa.

"Haya, basi kaa nacho. Nishajua."

Alivuta boksi kutoka chini ya kitanda. Mlikuwa na mkasi, stokingi, mafungu ya nywele za kusukia, na mkebe mdogo mtupu wenye picha ya mwanamume mwenye utosi mweupe upande mmoja na mweusi upande wa pili. Mama Priscah aliugonga mkebe kwa kucha. Huu, alisema, unauzwa kwenye maduka makubwa ya dawa, kwa bei ambayo msichana wa kazi haigusi. Ndani mna unga wa nywele. Mwenye upara hunyunyiza, hupuliza spray, na nywele zikarudi mpaka atakapooga. Emmah ndiye aliyemletea siku moja ya mapumziko, mtupu, umetoka kwenye taka za nyumbani kwao, akamuuliza: Mama, hii unaweza kuitengeneza?

"Nikamwambia mimi siwezi kutengeneza nini? Nikakata braids, nikachunga kwa stokingi. Si kama hii ya duka, ikipata jasho inashuka. Lakini inasaidia."

"Emmah ana kipara?"

Mama Priscah aliacha kucheka. Alisema msichana alianza kusukwa angali hana meno, na misuko ile ya kubana mpaka jicho linavutika, na kila shule ikifunga husukwa mingine. Kisha akaja huku, kitambaa kichwani mchana na usiku, joto, mawazo. Mbele yote imekwisha, kuanzia sikio hadi sikio, imebaki ngozi inayong'aa. Alipokivua kitambaa mara ya kwanza mbele yake alilia kama aliyevuliwa nguo sokoni.

"Na amechumbiwa," Mama Priscah aliongeza. "Kijana mwenyewe ndiye anayekuja kuchukua kifurushi. Hajui kitu. Nikimwona hapo mlangoni nasikia huruma na kicheko pamoja."

Metrine aliuliza hiyo siri ingefichwa mpaka lini. Hapo Mama Priscah aligeuka mhubiri. Mambo ya kunyunyiza ni ya leo tu, alisema. Huko Riyadh tayari kuna kliniki wanachora nukta kichwani kwa sindano, moja moja, mpaka kichwa kinaonekana kama kimenyolewa jana, na huwezi kujua mpaka uguse. Hiyo ndiyo Emmah alikuwa akiiwekea akiba, achorwe kabla ya kupanda ndege. Na yanakuja makubwa kuliko hayo. Wataalamu watachukua unywele mmoja wa mtu na kuuotesha kama mboga ya kitalu. Watachapa ngozi ya kichwa na nywele zake kwa mashine, na mtu atanunua kichwa kama anavyonunua kofia.

"Na hiyo siku ikifika," alisema, "bado watu watakuwa wanafungia mlango wa bafu. Watapata nywele, hiyo aibu hawatapata dawa yake."

Metrine aliuomba mkebe. Chini ya kitambaa, ukanda wa wigi lake ulikuwa ukimwasha tangu alipoingia, na hakutaka kujikuna mbele ya macho yale. Upara wake mwenyewe alikuwa ameujua yeye peke yake, na kioo. Alikuwa amehoji watu mwaka baada ya mwaka akiwataka waseme ukweli wote, na kichwani mwake amebeba nywele za mtu wa India. Alitoka akiwa na haya, na hasira kidogo kwa kuwa na haya.

Waliporudi Al-Safa jua lilikuwa limeanza kulegea. Metrine alimkuta Abu Faisal peke yake kwenye korido, akamwonyesha mkebe. Uso wa yule bwana ulibadilika kama wa mtu aliyekutwa na nguo za ndani tu.

"Baba, wewe ulijua. Tangu fundo lilipofunguliwa ulijua ni kitu gani."

"Sijui unasema nini."

"Kofia zako ziko juu paani. Na tishu ya asubuhi iko mfukoni mwako."

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na aibu ya bosi aijuaye anayemfulia. Emmah alikuwa ameziona kofia zile, akaelewa, akanyamaza kwa heshima, akaokota mkebe kwenye taka tu kwa sababu naye alikuwa na shida ileile. Metrine alimweleza hayo kwa sauti ya chini. Akamwambia maneno mawili matatu kwa mkewe yangetosha: huu ni unga wa kichwa, hata mimi nautumia, mwacheni msichana.

Abu Faisal alitazama viatu vyake. Alisema shemeji yake ni mtu wa mzaha mkali, akijua leo, kesho soko zima limejua. Alisema mkewe ni mdogo kwake kwa umri. Alisema labda msichana atarudishwa kwao tu, na halas, yaishe.

"Sihiri hairudishi mtu kwao, baba. Unalijua hilo kuliko mimi."

Alilijua. Aliingia sebule ya wanaume, akaufunga mlango polepole, kwa adabu, kama watu wanavyofunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

Basi Metrine alipanda ngazi akamleta Emmah, akamwomba Umm Faisal wakae watatu kwenye sebule ya wanawake, mlango umefungwa. Aliweka fundo na mkebe juu ya zulia. Alichoma chembe mbele yao, akaonyesha tone. Alimuuliza madam nywele zake zilianza kudondoka lini: si mtoto alikuwa na miezi michache? Kila mzazi hupukutika hivyo baada ya kujifungua, kisha zinarudi, hata mama yake angemwambia. Umm Faisal alitazama tone, akamtazama mtoto, lakini hofu haikumtoka. Kama si uchawi, aliuliza, kwa nini alificha? Mtu hafichi kitu chema.

Metrine alimgeukia Emmah. "Vua kitambaa."

"Hapana, Auntie. Tafadhali. Heri nife."

Alisema kweli. Ingekuwa mchezo, Metrine angeujua. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini wahenga hawakusema ni nani atangulie kujivua. Metrine alifungua pini za kitambaa chake. Kisha akaingiza vidole chini ya ukanda, akalivua wigi, akaliweka kwenye zulia kando ya mkebe. Hewa baridi ya kiyoyozi ilimpiga kwenye ngozi ambayo hakuna mtu aliyeiona tangu siku alipoondoka nyumbani. Masikio yalimwaka. Alitamani sakafu ifunguke, naye alikuwa ndiye mpelelezi.

"Sasa wewe," alimwambia Emmah.

Emmah alilitazama wigi, akamtazama Metrine kichwani, na mkono wake ukapanda wenyewe. Kitambaa kilianguka. Mbele, kuanzia sikio hadi sikio, hapakuwa na kitu. Palikuwa na ngozi tu, imepakwa mabaki ya ule unga mweusi yaliyochirizika na jasho la chumba cha kufulia mpaka shingoni. Aliinamisha uso magotini asimwone anayemtazama.

Umm Faisal alikitazama kichwa kile. Kisha akauinua ule mkebe, akaugeuza, akautazama yule mwanamume wa pichani.

"Huu ni wa mume wangu," alisema.

"Unaujua?"

"Anadhani siujui. Ananunua, anaficha nyuma ya mafuta ya gari. Nimeujua tangu harusi yetu. Sikumwambia, nisimwaibishe." Akasita. Metrine aliona wazo likimfikia, taratibu, kama maji yanavyofika mlangoni. "Lakini mimi sijawahi kuona ndani yake. Yeye anaona kila siku. Na nilipofungua fundo, yeye alikuwa amesimama pale dirishani."

Umm Faisal aliinuka, akafungua mlango, akavuka korido mpaka sebule ya wanaume. Hakupiga kelele. Metrine aliyemfuata nyuma alimwona akiuweka mkebe mtupu kwenye zulia mbele ya mumewe, kama mtu anavyomwandalia mgeni kahawa. Abu Faisal hakuinua kichwa. Mkewe alisubiri neno, na neno halikuja, ndipo akachukua simu akampigia kaka yake kumwambia asije, alikosea, ni dawa ya nywele ya wanawake. Hata wakati huo alimfichia mumewe.

Aliporudi alikuwa na pasipoti ya Emmah mkononi. Aliitoa bila kuomba radhi, maana neno hilo halikuzoea kinywa chake. Lakini aliinama, akaokota kitambaa sakafuni, akamfunga msichana kichwani kwa mikono yake mwenyewe, kwa uangalifu, akificha kila mahali. Kisha, macho pembeni, akamuuliza Metrine kwa sauti ndogo kama yule mama wa Karantina ana unga wa kahawia.

Metrine alisema atauliza.

Lilibaki swali moja na safari moja. Allan aliwachukua kwenda uwanja wa ndege. Maktabu ya Riyadh ilikuwa imekubali kumpokea Emmah mpaka apatiwe nyumba nyingine. Metrine alikaa nyuma pamoja naye. Wigi lilikuwa ndani ya mkoba, hakuwa na nguvu ya kulivaa tena siku hiyo. Allan alikuwa akiwatazama kwenye kioo, mara kwa mara, kama anayetaka kusema na hana pa kuanzia.

"Kwa hivyo haikuwa uchawi," alisema mwishowe.

"Haikuwa," Metrine alijibu.

"Sasa ilikuwa nini?"

Metrine aligeukia dirisha. Siri hiyo haikuwa yake, na alikuwa ametoa siri za kutosha kwa siku moja. Gari lilipita maduka, likapita msikiti, likasimama kwenye taa nyekundu. Emmah alikuwa ameushika mkoba wake wa nguo kifuani.

"Ni mimi nina kipara, Allan," alisema. "Huku mbele yote. Hiyo ilikuwa ya kujipaka usione."

Taa ilibadilika. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi, na Allan hakuondoa gari. Metrine alikuwa na habari ya tepu ya buluu mdomoni, tayari, tangu safari ya Karantina. Hakuhitaji kuitaja.

"Mimi ndiye niliifungua," Allan alisema, sauti imekauka. "Nikaona hivyo vitu vyeusi, nikaogopa. Mimi ndiye nilimwambia madam aangalie chini ya godoro."

Emmah hakulia. Alimtazama kisogo chake, nywele nyingi, nyeusi, zimekatwa vizuri.

"Watu wote hii Jeddah," alisema, "ni wewe tu nilikuwa nakuficha."

Allan aliwasha indiketa, akasogeza gari mpaka kando ya barabara, akazima injini. Aliweka paji la uso juu ya usukani akabaki hivyo. Ndege ilikuwa ikisubiri, na hakuna kati ya wale wanawake wawili aliyemwambia aendelee.